Ukurasa wa Kumi na Tisa

Msichana wa kidato cha pili alisoma kwa sauti kama anayekunywa maji, mkaguzi wa shule akawa anatabasamu.

Mwalimu akachungulia kitabu cha binti. Ukurasa wa kumi na tisa ulichanwa zamani, umebaki ukingo wenye menomeno. Na ndio huo aliokuwa akiusoma, neno kwa neno.

Kumbe alikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Na ripoti za miaka miwili, kwa mkono wa mwalimu mwenyewe: "Anasoma vizuri." Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Hebu nikione hicho kitabu," mkaguzi akasema.



Mwalimu akaweka kiganja pale palipochanwa. "Huyu hana shida, mzee. Tumwite mwingine."

Msichana alikitazama kile kiganja. "Asante, mwalimu," akanong'ona.