Ujumbe kwa Mtu Wake

"Nipe Papa Achille," ilisema foni, redio ya kampuni ya kuitana. "Yeye mwenyewe, Mama Adolphine."

Adolphine akasogeza kipaza sauti. Aliyeita alikuwa Dieumerci, mshika foni wa kampuni kule Mpala, ambako mtandao wa simu huja unapotaka wenyewe.

"Mukubwa yuko bandarini, wanapakiza boti. Sema na mimi. Siku hizi maneno yote inapita kwangu."

Dieumerci akashusha sauti. "Kuko kifo huku. Ingine ni ya masikio yake. Boti isitoke kama hajanisikia, mama. Nakuomba."

"Nimesikia," akajibu, akapunguza sauti ya foni na kuuma kipande cha muhogo. Juma hili boti haikumletea ndakala, wale dagaa wakavu ambao mama yake humtumia kila safari, kwa hiyo aliula mtupu.

Moyo ulimruka kwa furaha, wala hakuionea haya. Mama yake Achille yuko Mpala, ajuza wa kulishwa kwa kijiko, na ofisi nzima ilijua siku zake zimekaribia.

Mwaka ulikuwa haujaisha tangu Adolphine afiwe na baba. Siku ile Mpala waliita asubuhi, wakamwambia Achille, kama inavyofanywa kwao: mkubwa wa kazi ndiye humkalisha mfiwa chini, akamwambia polepole. Achille hakumkalisha. Alikuwa na saruji ya kupakia. Alimwambia jioni, boti ikiwa imeshatoka, na boti ya Mpala huenda mara moja tu kwa juma. Baba akazikwa bila bintiye, naye akabaki kusimuliwa udongo ulivyotupwa.

Achille aliomba radhi, hata machozi yalimtoka. Kisha akaleta mtaalamu kutoka Lubumbashi, akawafundisha siku nzima jinsi watu wa kampuni moja wanavyopaswa kupashana habari. Walikula kuku, wakabandika ukutani maneno makubwa: KILA UJUMBE KWA MTU WAKE, KWA WAKATI WAKE. Adolphine akakabidhiwa foni.

"Ile iliyokupata isirudie tena," Achille alimwambia, akadhani wamemalizana. Mtenda husahau.

Mara Achille akaingia, shati limelowa jasho. "Mama Adolphine, Mpala wameita?"

"Wanasalimia."

"Hakuna neno?"

"Hakuna neno, Papa."

Akarudi bandarini akipiga mluzi. Adolphine alimsindikiza kwa macho dirishani. Alimchukia mgongo, alimchukia mluzi. Na wewe utasimuliwa, alisema moyoni.

Boti ikapiga honi. Adolphine aliitazama ikiacha gati, ikageuza pua kusini, ikawa ndogo juu ya maji. Barabara ya huko ilikuwa imekatwa na mvua, na hata pikipiki hazikupita. Alingoja mpaka haikuonekana kabisa, asije mtu akairudisha kwa kupunga shati.

Achille aliporudi, alimkuta Adolphine amesimama. Alikuwa amemsogezea kiti karibu na foni na kufungua sauti mpaka mwisho. Alitaka asikie mwenyewe, na alitaka kumwona uso akisikia.

"Kaa, Papa," akamwambia kwa upole, kama inavyofanywa. "Mpala wanakutafuta tangu asubuhi. Kuko kifo."

Achille alimtazama, akatazama dirisha na ziwa tupu. Alikaa kwa uzito, akabonyeza kipaza sauti. Adolphine alikunja mikono kifuani na kusubiri. Karibu mwaka mzima alikuwa ameingoja sura ile.

"Dieumerci, ni Achille. Sema tu."

"Aa, Papa, Mungu akubariki." Sauti ilijaa chumba kizima. "Nikisikia ni wewe unashika foni, najua ulielewa neno langu la asubuhi, Adolphine amekwisha kupanda boti. Usiwe na mashaka, dada zake watamupokea kwa gati, ndipo watamwambia ni mama yake amekufa. Tunamungojea yeye tu, kesho asubuhi tuzike. Ile ya baba yake ilimuuma sana, ndio maana leo tuliita mapema."