Vidole vya Bibi Wawili

Siku hizi mtoto hachanjwi mpaka bibi zake wote wawili wakubali kwa kubonyeza kidole gumba kwenye simu. Aliyemzaa haulizwi.

Mama yangu alibonyeza mapema, kwa sababu chama chake kinaipenda chanjo. Mama mkwe, Bi Rukia, alikataa kwa sababu hiyo hiyo.

"Dawa hiyo inawageuza watoto wawe wanachama wao," alisema huku akichambua mchicha.

"Mama, Tasnim ana miezi minne. Hata kukaa hajui!"

"Ndivyo wanavyoanza."

Kikohozi kilikuwa kimeshaua watoto mtaa wa nyuma. Nikamuuliza anataka nini.

"Vaa khanga ya chama changu nikupige picha. Nikijua uko kwetu, nitabonyeza."

Nikavaa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Akabonyeza, nami nikambeba Tasnim mbio hadi zahanati. Tulipokaribia dirisha, mama yangu akapiga simu.

"Picha yako imezagaa kwenye kundi la ukoo. Khanga ile, Mwanahija? Mimi ndiye niliyekuzaa?"

"Mama, nilitaka chanjo tu!"

"Basi kaiombe kwa chama chako."

Akakata. Nesi akatazama kioo cha kompyuta yake.

"Bibi mmoja amejitoa," akasema bila kuninyanyulia macho. "Anayefuata!"

Nikasogea pembeni na mwanangu. Akina mama waliokuwa nyuma yangu wakasonga mbele, kila mmoja ameishika simu yake kama anayeshika yai.