Kurasa za Kufungia Karanga

Fabian alizimwaga karanga mezani, akaikunjua karatasi iliyozifunga, na kabla hajafika mstari wa tatu alikuwa ameshashika mbavu.

Ilikuwa wiki ya pili sasa. Karanga zinazotoka Busi ni tamu, hilo halina ubishi, lakini mkuu huyu wa idara hakuwa akienda soko la Majengo kwa ajili ya karanga. Alifuata kurasa. Mama Penina, muuza karanga, alinunua kwa kilo makaratasi yaliyotupwa na maofisi, na safari hii humo mlikuwa na hadithi ya bosi mmoja mwongo kupindukia, akijisimulia mwenyewe.

"Nimewalea vijana kwa kuwaachia kazi zote ili wajifunze," Fabian aliwasomea wenzake ofisini. "Kwa miaka tisa sijapokea lalamiko hata moja, kwani mlango wangu huwa nimeufunga."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Ritha tu, katibu muhtasi wake, ndiye aliyeinama kutafuta kalamu chini ya meza.

Fabian akawaeleza raha ilipo. Jamaa anajisifu, kumbe anajianika, na msomaji anamjua kuliko anavyojijua. Aliyeandika hii, akasema, ana akili sana.

Kicheko hicho kilimfaa. Tangu Januari alikuwa roho juu akisubiri majibu ya ombi lake la ukurugenzi, na hata kazi zilikuwa hazimwingii kichwani. Bahati nzuri, kuandika na kusoma mafaili lilikuwa jukumu la Ritha. Yeye alitia sahihi tu, ile yake ya mkia mrefu.

Ijumaa alimkuta Mama Penina amemwekea pembeni fungu moja lililofungwa kwa ukurasa.

"Ukurasa wa mwisho huo, bosi. Baada ya hapo sina tena."

Fabian akausoma palepale, amesimama katikati ya magunia ya mtama. *Kwa sifa hizo zote, naomba nipandishwe cheo.* Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Penina, ambaye naye alikuwa amenogewa, akauliza kama mtu huyo alipewa.

"Huyu?" Fabian akasema. "Hata ukiranja wa darasa asingepewa."

Akafuta macho, akatafuta jina la mtunzi chini ya ukurasa. Halikuwepo. Palikuwa na mhuri wa idara yake, na juu ya mhuri huo palikuwa na sahihi, mkia wake mrefu umevuka mpaka kwenye doa la mafuta ya karanga.