Tanga la Kwenda na Kurudi

"Ondoa mguu, unakanyaga tanga!" Nahodha alimfokea mkewe, naye mwenyewe amesimama katikati ya turubai na viatu vyake.

Viti vilikuwa vimetolewa nje, meza imeegemezwa ukutani, sebule nzima turubai. Juu yake ilipangwa mianzi sita. Na huyu Nahodha, kwa taarifa yako, hakuwahi kuwa nahodha wa chochote. Miaka thelathini alikuwa karani wa masjala. Alistaafu na jina la utani, mashua ndogo kuukuu, na kijitabu cha matanga alichokisoma mpaka jalada likatoka.

Kijitabu ndicho kilichomharibu. Tanga la kawaida la pembe tatu alilikataa katakata. "Hilo la watu wa papara," alisema. Yeye alitaka tanga la Kichina, lile lenye mianzi iliyolala kutoka ukingo hadi ukingo. Ukilegeza kamba moja tu linajikunja lenyewe, kipande juu ya kipande, kama mafaili kabatini. Hapo ndipo moyo wake ulipokwama. Mtu amepanga mafaili miaka thelathini, utamwambia nini?

Kushona, bila shaka, ikawa kazi ya mkewe. Alikuwa fundi cherehani wa kutajwa, mpaka mama mkwe alipokuja kupumzika wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zina miaka mitatu. Chumba cha cherehani kikawa chumba cha mama, cherehani ikahamia jikoni, na wateja, ambao hawapendi magauni yanayonuka vitunguu, wakahamia kwa wengine. Mke alijaribu kusema. Mume akajibu, "Ni mama yangu," na mjadala ukafungwa hapo.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Alitaka kumwona binti yake anayeishi ng'ambo ya ziwa. Barabara ya kuzunguka ni ya siku mbili, na mgongo wake hautaki basi. Boti ya abiria haitaki yeye mwenyewe, anasema inabeba watu wasiooga. Mashua ya mwanawe, hiyo atapanda, na bila mwanawe haendi popote.

"Asubuhi tunakwenda, jioni tumerudi," Nahodha aliahidi. "Chakula cha usiku tunakula hapa hapa."

Mke akaenda kwa fundi mashua, rafiki wa mumewe, aliyekuwa akichonga mlingoti.

"Shemeji, nieleze vizuri. Hili tanga litawarudisha?"

"Inategemea sindano yako," fundi alicheka. "Kwenda si shida. Msimu huu upepo unavuma kuelekea ng'ambo kutwa kucha, hata shuka litawafikisha. Kurudi ndiyo kazi, maana unaupinga upepo. Kila kipande, kati ya mwanzi na mwanzi, kiwe na tumbo. Ongeza kitambaa, kibenuke."

"Kibenuke kiasi gani?"

"Kiganja kimoja."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea kidogo, watachelewa. Ukishona bapa kama meza, watabaki huko huko."

Alimrudisha kwenye maelezo hayo mara tatu, akapima kiganja chake kwa utepe. Fundi aliona wivu kidogo. Mke wake yeye hajawahi kuuliza kama atarudi jioni.

Siku kumi alishona. Mama mkwe aliketi kando yake kutoa maoni. "Mshono umepinda huo. Mwanangu atazama kwa mkono wako wewe."

"Ndiyo, mama."

Nahodha alizunguka na kijitabu, akisoma kwa sauti maneno asiyoyaelewa. Siku ya kulijaribu uani alivuta kamba isiyotakiwa, na mianzi yote sita ikamshukia kichwani. Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Akawaambia ndivyo linavyotakiwa kujikunja, mbumbumbu nyie.

"Lakini umefuata alivyokwambia fundi?" alimuuliza mkewe, nundu ikiwa imemtoka usoni.

"Nilimsikiliza neno kwa neno, mume wangu."

Asubuhi ya safari mke alijawa na huruma ya ajabu. Alifungasha mablanketi manne, dawa zote za mama, miwani yake ya akiba na viatu vya mume vya kutokea.

"Ya nini yote haya? Si tunarudi jioni?"

"Majini kuna baridi, jamani. Mbebe tu."

Hata mama mkwe aliguswa, kwa kiasi chake. Alisema angalau safari hii mkwe ametumia akili.

Tanga likapanda bila kumpiga mtu. Upepo ukalikamata kwa nyuma, na mashua ikaondoka kwa kasi ambayo hata Nahodha hakuitarajia. Akapiga saluti. Kwa kweli alipendeza.

Fundi mashua alifika gatini mbio mbio, amechelewa, mikono imejaa rangi. Alikinga macho na jua, akatazama. Akatazama tena.

"Shemeji! Mbona tanga bapa vile? Umesahau kulibenua!"

Mke alikuwa bado anawapungia mkono, tena kwa mapenzi yote.

"Sijasahau," alisema. "Twende nyumbani unishikie upande mmoja wa kitanda cha mama, tukitoe. Mteja wangu wa kwanza nimemwambia aje saa nne."