Ongeza

Kifaa kikanyamaza tena. Bwana Renwick, mpimaji aliyetumwa na jiji, alikibandika kwenye fremu ya dirisha, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Hapa pazuri, Bi Verlene."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

"Pima ya tatu, mwanangu. Hilo dirisha nalijua mimi."

Kimoyomoyo Bi Verlene alikuwa akiomba kifaa kilie. Ndiyo, kilie! Mwingine angeshukuru kuambiwa nyumba yake haina sumu, lakini yeye alikwishachoka kupigana na adui asiyemwona. Mtaa ule ulizoea risasi za bunduki. Zikilia, mtu analala chini mpaka zipite. Hii ilikuwa risasi nyingine, madini yenye sumu yaliyomo kwenye rangi za kale na mabomba ya kale. Haina mlio, na ilikuwa imeingia kwenye damu ya mjukuu wake.

Tavion alikuwa jikoni kwenye kiti chake kirefu, mtoto wa miaka mitatu mwenye macho mazito ya mzee. Mwaka jana alikuwa kasuku: mbwa, basi, theluji, Yesu, kila kitu alikitaja. Kisha maneno yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine, hadi likabaki moja tu.

"Ongeza," alisema, akisukuma kikombe chake kitupu.

"Subiri, baba. Tuna mgeni."

Vita na Gorski, mwenye nyumba, vilimla Bi Verlene mwaka mzima. Gorski alimuuliza mbona wapangaji wengine hawalalamiki. Naye akamjibu kwamba wengine hawajapima damu za watoto wao, wakipima atahama mji. Akaenda ofisi hii akaambiwa ile, akaenda ile akaambiwa njoo kesho. Ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za wenye navyo, mabomba yalibadilishwa kabla hata hawajaomba. Yeye alikaa kwenye mabenchi hadi walinzi wakamjua jina.

Lakini alishinda. Wakaja watu wamejifunga barakoa, wakakwangua rangi, wakang'oa madirisha, wakafukua bomba na kuweka jipya. Siku ile alilia kwa furaha mbele ya mafundi, wala hakuona haya.

Kisha wakarudi kliniki, na risasi kwenye damu ya Tavion ilikuwa imepanda.

"Ikipanda tena daktari atamlaza," muuguzi alimwambia kwa upole. "Na watu wa ustawi wa jamii watatafuta pengine pa kumweka."

Pengine! Mtoto aliyemlea tangu kitovu hakijakatika. Bi Verlene alitoka pale amemkumbatia mtoto kifuani. Kitu kimoja tu alichoambiwa siku ile kilimpa nguvu: ampe mtoto mboga za majani kwa wingi, zina madini ya chuma, yanapunguza risasi kuingia mwilini. Hilo hakuhitaji kufundishwa. Babu zake walikuja huku kaskazini kutoka Alabama na mbegu za sukuma zimefungwa kwenye leso, na yeye mwenyewe alilelewa kwa mchuzi wa sukuma, ule mweusi unaobaki chini ya sufuria, kabla hajaota meno. Tavion naye alikwisha kuuzoea; tangu siku hiyo ikawa kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Bwana Renwick alikizima kifaa chake.

"Nyumba ni safi, Bi Verlene. Rangi, bomba, vumbi, vyote. Hiki kinachomwingia mtoto hakitoki humu ndani."

Bi Verlene akakaa.

"Basi kinatoka wapi? Niambie nikakipige. Nimechoka, mwanangu. Hata kulala kunanichosha."

Bwana Renwick alikunja waya zake polepole, na tangu alipoingia macho yake yalikuwa yakienda kwenye sufuria ya mboga iliyokuwa motoni na kurudi. Bi Verlene aliyaona. Hata siku ya msiba, mtu hatoki jikoni kwake na njaa. Akainuka, akampakulia bakuli la sukuma na kipande cha mguu wa nguruwe wa kukaushwa kwa moshi.

"Au nyie wa ofisini hamli vya kwetu siku hizi?"

"Nikikataa, mama yangu atafufuka anichape."

Alipuliza, akaonja, akafumba macho.

"Looo! Hii si ya dukani."

"Ya dukani?" Kwa mara ya kwanza siku ile, Bi Verlene akacheka. "Mtaa huu una duka la mboga, wewe? Hapa tumejaliwa pombe na chipsi. Nalima mwenyewe, hapo kando." Akaelekeza upawa dirishani, kwenye kiwanja cha jirani kilichojaa sukuma zilizomfika mtu kiunoni. "Palikuwa na nyumba ya akina Tolliver, nzee kuliko mimi. Iliungua, likaja tingatinga likaisaga, kuta, madirisha, rangi zake za kale na yote, wakaitandaza papo hapo wakaenda zao. Nikajua hapataota kitu. Kumbe! Udongo mweusi tii. Nusu ya watoto wa mtaa huu nawalisha mimi."

Kijiko cha Bwana Renwick kiliganda njiani. Alitazama kiwanja, akatazama sufuria, kisha akamtazama mtoto.

"Ongeza," alisema Tavion, na bibi yake akamjazia kikombe mchuzi wa sukuma hadi ukingoni.