Vipande Viwili vya Barafu

Kila asubuhi friji hudondosha kipande kimoja cha barafu kwa kila aliye hai nyumbani. Asiyehesabiwa hufuatwa na gari la maiti. Leo vilianguka viwili, nasi tuko watatu.

Nilizima friji, nikakwangua barafu iliyoganda kwenye kihisi kinachotuhesabu, nikawasha tena. Tukasimama mbele yake mmoja mmoja.

Kwa mke wangu, Mwanaidi, kilianguka. Kwa mama yake pia.

"Kumbe bado nimo!" mama mkwe akacheka.

Kwangu hakikuanguka.

"Sogea karibu, mwanangu," akasema, hacheki tena.

Nikabandika kifua kwenye mlango wa friji. Kimya. Nje, gari likasimama.

Mwanaidi alinishika mkono.

"Mbona wa baridi hivi?"

"Nilikuwa nakwangua barafu."

Akaniangalia, kisha akauachia mkono wangu.