Mganga wa Celestina

"Mganga ni mzigo tu," Polikarpi alitangaza jana kwenye kibanda cha gemu pale Omurushaka. "Mwenzi wa shujaa ni upanga!"

Vijana walibishana hadi nusura wakunjane. Ili kuwakatiza maneno, Polikarpi akamwacha mganga aliyechezwa na Celestina auawe na joka, huku akicheka. Celestina alimeza hasira zake.

Leo walirudi kwa joka lile lile. Kwenye runinga, shujaa wa Polikarpi alikuwa amepiga magoti, uhai wake umebaki uzi mwekundu.

"Mtibu, dada yangu! Bonyeza!" Polikarpi akapiga kelele.

Celestina akailaza pedi ya kuchezea mapajani. Akatoa mfukoni punje ya kahawa ya kutafuna, akaimenya kwa meno, taratibu. Uchungu wake leo ulikuwa mtamu.

"Si unao upanga?"